Jinsi ya kujenga uwanja wa michezo wa watoto kwa udongo, maji, magogo na miti: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoyapata yanafanana sana. Walimu wa chekechea au wazazi wamechangishana, wamenunua miche, wameleta magogo na kumwaga mchanga. Msimu mmoja wa mvua ukipita, miche imekauka, mchanga umechanganyika na tope na kushikana kama sakafu, magogo yameanza kumong'onyoka, na watoto wamehamia nyuma ya jengo kuchezea maji ya bomba linalovuja.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: kazi ilianzia juu. Watu huanza na vitu vinavyopendeza kwenye picha, ilhali uwanja wa asili huanzia chini, kwenye maji na udongo. Ukishajua maji yanakwenda wapi, na ardhi ikishapata umbo lake, magogo na mimea hukaa vizuri. Ukianza na magogo na mimea, utavifukua tena.

Vipimo nilivyovitoa hapa ni vya eneo la mfano la mita 12 kwa 18, kwa watoto wa miaka 3 hadi 8. Eneo lako likiwa kubwa au dogo zaidi, badilisha ukubwa wa vitu, lakini mpangilio wa hatua uache kama ulivyo. Soma mpaka mwisho kabla ya kushika jembe.

## Vitu utakavyohitaji

Vya kupimia: utepe wa mita 20 au zaidi, vigingi, kamba, pimamaji, chokaa ya kuchorea ardhini, na karatasi kubwa ya kuchorea ramani.

Vya kuchimbia na kujengea: majembe, sululu, makoleo, toroli mbili, reki, kishindilio cha udongo, msumeno, patasi au kisu cha kumenyea magome, na msasa.

Malighafi za kujengea:

- mchanga wa mto uliooshwa, mita za ujazo 8
- kokoto, mita za ujazo 3
- vibanzi vya mbao, mita za ujazo 7 hadi 8
- magogo ya mti mgumu, yenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 40
- mawe makubwa yasiyo na ncha, 6 hadi 10
- kitambaa cha kutenganisha udongo kinachopitisha maji, cha kutosha chini ya mchanga na chini ya vibanzi
- pampu ya mkono, au bomba lenye koki inayojifunga yenyewe
- slaidi moja isiyo na miguu, ya kulazwa juu ya mteremko
- miche, matandazo, na uzio wa muda

Udongo wa kujengea tuta usiuagize bado. Kwa mpango huu utaupata palepale.

## Hatua ya 1: Jifunze eneo kabla ya kuligusa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa mengine yote. Ipe angalau wiki mbili.

Anza na maji. Mvua kubwa ikinyesha, vaa viatu vya mvua utoke nje. Chora kwenye ramani maji yanaingilia wapi, yanasimama wapi na yanatokea wapi. Kama hakuna mvua, mwaga maji kwa mpira ukianzia sehemu ya juu ya eneo, uyafuate.

Kisha pima udongo unavyonywa maji. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena. Ni ujazo wa pili unaokupa jibu, kwa sababu wa kwanza hunywewa na udongo uliokuwa mkavu. Maji yakiisha ndani ya saa nne, uko vizuri. Yakiwa bado yapo kesho yake, una mfinyanzi, na kila shimo utakalochimba litageuka bwawa usipoliwekea njia ya kutolea maji.

Angalia jua asubuhi, mchana na jioni, uchore kivuli kinapolala. Sehemu ya mchanga na slaidi ziwe kwenye kivuli saa za jua kali, hasa slaidi ya chuma, maana inaweza kuunguza ngozi ya mtoto.

Halafu waangalie watoto wenyewe. Kaa pembeni mapumziko mawili au matatu bila kuwaelekeza. Utaona wana njia zao: pale nyasi zilipokufa, pale wanapokatisha, kona wanayojificha watatu watatu. Njia hizo usizipinge. Ukipanda maua juu ya njia ya watoto, maua yatakufa na njia itabaki.

Tahadhari: uliza mabomba na nyaya za umeme zimepita wapi chini ya ardhi. Na kama eneo liliwahi kuwa gereji, jalala, au liko chini ya ukuta wa jengo la zamani lenye rangi inayobanduka, peleka udongo ukapimwe madini ya risasi. Watoto wadogo hutia mikono mdomoni.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwonyesha mtu ramani na kumwambia, bila kubahatisha, maji yatakaa wapi mvua ikinyesha kesho.

## Hatua ya 2: Ilinde miti iliyopo

Mti mkubwa uliokwisha kukua ni mali ambayo hutaipata tena kwa miaka ishirini. Kivuli chake, majani yake, wadudu na ndege wake tayari ni nusu ya uwanja.

Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, nayo inahitaji hewa. Ukiirundikia udongo, au malori yakipita juu yake, hewa hukatika na mti hufa polepole. Nimelifanya kosa hili mwenyewe. Niliinua tuta zuri kandokando ya mti uliokuwa na kivuli kipana, nikidhani naupa nguvu. Mwaka wa kwanza majani yalipungua. Mwaka wa pili matawi ya juu yalikauka, na ilibidi ukatwe kwa sababu watoto walikuwa wakicheza chini yake. Sikuweza kuwaeleza watoto wale kwa nini mti wao umeondoka.

Kwa hiyo pima kipenyo cha shina kwenye usawa wa kifua, ukizidishe kwa 12. Jibu ndilo umbali kutoka kwenye shina ambao hutachimba, hutajaza udongo wala hutapitisha gari. Shina la sentimita 30 linalindwa kwa mita 3.6 kila upande. Zungushia kamba na vigingi leo, kabla mtu hajaleta toroli ya kwanza. Ndani ya duara hilo tandaza tabaka jembamba la vibanzi, la kina cha sentimita 5 hadi 8, visiguse shina.

Matawi makavu yaondolewe na fundi anayejua kupanda na kukata miti.

## Hatua ya 3: Chora mpango

Gawa eneo kwa tabia ya mchezo: sehemu ya kasi na kelele, sehemu ya kuchimba na kumwaga, sehemu ya kujificha. Mchanga na maji vikae pamoja, kwa sababu watoto watavichanganya hata ukiviweka mita kumi mbali. Kona ya kujificha iwe mbali na njia ya kukimbilia. Mwisho wa slaidi usielekee njia ya watu.

Mtafiti wa Norwei, Ellen Sandseter, mwaka 2007 aliigawa michezo ya kuthubutu ya watoto katika makundi sita: kimo, kasi, zana hatari, mazingira hatari kama maji na moto, mieleka, na kupotea au kujificha. Mimi huutumia mgawanyo huo kuukagua mchoro. Najiuliza: hapa mtoto atapanda wapi? Ataenda kasi wapi? Atahisi amejificha wapi? Swali moja likikosa jibu, watoto watalijibu wenyewe kwa kupanda uzio au paa.

Msimamizi aone. Mtoto anahitaji kuhisi hajaonwa, na mlezi anahitaji kumwona, na mambo hayo mawili hayagombani ukizingatia urefu. Vichaka vya pembeni visizidi mita 1, na matawi ya miti yaanzie mita 2 kutoka ardhini. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya kichaka yuko kwenye dunia yake, lakini mtu mzima aliyesimama anakiona kichwa chake.

Weka njia moja ngumu, ya upana wa mita 1.5, isiyopanda zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 20, ifike kwenye mchanga na kwenye maji. Mtoto wa kiti cha magurudumu afike anakochezea mwenzake, asiishie kutazama kutoka barazani. Pembeni ya mchanga tengeneza meza ya mchanga ambayo magoti ya mtoto huyo yanapita chini yake.

## Hatua ya 4: Chimba na uinue

Sasa ndipo jembe linapoingia.

Kwanza kwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, kama sentimita 15, uuweke kando chini ya turubai. Usiuchanganye na udongo wa chini. Ndio utakaootesha nyasi baadaye, na ukiuzika ndani ya tuta umeupoteza.

Chimba shimo la mchanga la mita 4 kwa 5, kina cha sentimita 50. Hilo linatoa mita za ujazo 10 za udongo. Tuta la mviringo la urefu wa sentimita 80, lenye kilele cha upana wa mita 1.6 na kitako cha mita 6.4, linameza mita za ujazo 11 hivi. Yaani shimo linalipa tuta karibu lote, na kilichopungua utakipata ukichimba mfereji. Hii ndiyo sababu nilisema usiagize udongo.

Panga udongo kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, ushindilie kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Udongo uliomwagwa tu hujishusha wenyewe kwa miezi, ukakuachia mabonde na nyufa. Usifukie matofali yaliyovunjika wala vioo ndani ya tuta, maana mvua itavifichua.

Mteremko wa kawaida uwe mmoja kwa tatu: kwa kila sentimita 10 za kwenda juu, ardhi itoke nje kwa sentimita 30. Hapo nyasi hushika, mvua haikwangui, na mtoto wa miaka 3 anapanda kwa mikono na miguu bila msaada.

Upande wa slaidi ni habari nyingine, na hapa wengi hukwama. Mteremko wa mmoja kwa tatu ni nyuzi 18 tu. Ukilaza slaidi hapo, mtoto atakaa juu yake asiende popote. Upande huo mmoja ukate uwe mkali zaidi, nyuzi 30 au kidogo zaidi, uushikilie kwa mawe au magogo mafupi pande zote mbili za slaidi. Faida ya kulaza slaidi juu ya tuta ni kwamba pembeni yake kuna ardhi, hakuna pa kuangukia kutoka juu. Slaidi ya nguzo za chuma haina faida hiyo.

Watu hupenda pia kupitisha bomba kubwa ndani ya tuta liwe handaki. Tuta la sentimita 80 halitoshi. Handaki lenye urefu wa zaidi ya mita 2 linataka kipenyo cha sentimita 75, na juu yake udongo wa kutosha. Kama huna nafasi ya tuta kubwa, liache.

Kuzunguka kitako cha tuta chimba mfereji mpana na wa kina kifupi, upana wa sentimita 60 na kina cha 15, upeleke maji kwenye sehemu ya kupanda miche. Tandaza udongo mweusi juu ya tuta, upande nyasi kwa vipande, uzungushie kamba mpaka zishike.

Umefaulu ikiwa: mvua kubwa ya kwanza inapita, na saa moja baadaye hakuna dimbwi popote pasipopangwa.

## Hatua ya 5: Mchanga na maji

Kama una nguvu za kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki. Sijaona chombo cha kununua kinachomkalisha mtoto muda mrefu kama mchanga wenye maji.

Chini ya shimo weka kokoto sentimita 10, juu yake kitambaa cha kutenganisha, kisha mchanga sentimita 40. Kokoto hupokea maji, na kitambaa huzuia mchanga kuzama na tope kupanda. Bila kitambaa, ndani ya mwaka mmoja utakuwa na ile sakafu ngumu niliyoitaja mwanzo. Kama jaribio la shimo lilionyesha mfinyanzi, toboa njia kutoka kwenye kokoto kwenda sehemu ya chini zaidi ya eneo, ulaze bomba lenye matundu.

Mchanga upimwe kabla haujashushwa. Chukua chupa angavu, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiweke chini. Baada ya saa moja maji yanapaswa kuwa yametulia na kuwa karibu meupe, na tope lililokaa juu ya mchanga liwe jembamba. Tope likiwa nene, urudishe mzigo huo. Kisha fumba konzi ya mchanga mbichi na ufungue: ukibaki na alama za vidole vyako, utajenga nyumba na mahandaki. Mchanga wa baharini usiutumie kabla haujaoshwa, maana chumvi yake itaua mimea ya jirani.

Usiku funika kwa wavu mnene. Paka huchimba mchanga kujisaidia, na vimelea vya kinyesi chao ni hatari kwa watoto.

Maji yapitishwe, yasikusanywe. Weka pampu ya mkono au koki inayojifunga upande wa juu, kisha mfereji wa mawe yaliyoshikwa kwa saruji, unaoshuka sentimita 2 kwa kila mita, uishie kwenye mchanga. Pampu ya mkono nzuri ni ile inayomlazimu mtoto mmoja kusukuma ili mwenzake apate maji chini. Hapo mazungumzo huanza yenyewe.

Nilimwangalia mtoto wa miaka 4 hivi siku ya kwanza ya mfereji mmoja. Aliweka jani juu ya maji, akalifuata akiwa amechutama, likakwama kwenye jiwe. Akalitoa kwa kijiti. Likakwama tena. Safari ya tatu aliliacha jani, akaanza kuhamisha kokoto ndogo moja moja mpaka maji yakapata mkondo. Dakika arobaini, hakuna mtu mzima aliyemwambia neno. Kwa ajili ya hilo, acha mfereji uwe na sehemu mbili tatu ambazo kokoto hazikushikwa kwa saruji.

Tahadhari: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Pasiwe na beseni, ndoo iliyojaa wala kidimbwi kinachobaki na maji baada ya mchezo. Pia mbu huhitaji wiki moja hivi ya maji yaliyotulia ili kukua kutoka yai hadi mbu mzima, kwa hiyo mfereji ukauke kila siku. Na maji yawe safi ya kunywa, kwa sababu watayanywa hata ukikataza.

Umefaulu ikiwa: unafunga maji, na baada ya nusu saa hakuna sehemu unayoweza kuchota hata kikombe.

## Hatua ya 6: Magogo na mawe

Chagua mti mgumu usiooza haraka. Menya magome yote, kwa sababu huteleza yakilowa, huhifadhi unyevu, na huficha wadudu waumao. Kingo zote zisugue kwa msasa mpaka kiganja kipite bila kukwama.

Usitumie mataruma ya zamani ya reli, kwani yamelowekwa kwenye kreosoti, dawa yenye sumu ya kuhifadhia mbao. Usitumie pia mbao za kijani za zamani zilizotiwa dawa yenye arseniki. Huko Marekani mbao za aina hiyo ziliondolewa kwenye matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003 kwa sababu ya hofu hiyohiyo.

Gogo la kutembelea lisilazwe juu ya udongo mtupu. Lichimbie kitanda cha kokoto cha sentimita 10, kisha lizame robo ya kipenyo chake. Kokoto hukausha tumbo la gogo, na kule kuzama hulizuia kuviringika. Visiki vya kurukia vizikwe theluthi moja ya urefu wao, visipungue sentimita 40 chini ya ardhi, navyo vikae juu ya kokoto. Juu ya ardhi vitofautiane, kimoja sentimita 20, kingine 45, na nafasi kati yao iwe sentimita 30 hadi 40. Vikilingana vyote, mtoto huvimaliza siku ya pili, na baada ya hapo ni viti.

Mawe nayo yazikwe theluthi, upande mpana ukiwa chini. Kisha watu wazima wawili wapande juu na kurukaruka. Likitikisika hata kidogo, lichimbuliwe lipangwe upya.

Kuna kipimo kimoja cha kukariri: pasiwe na tundu au nafasi yenye upana kati ya sentimita 9 na 23 mahali ambapo mtoto anaweza kujipenyeza. Pungufu ya 9, mwili haupiti. Zaidi ya 23, kichwa kinatoka. Katikati ya hapo mwili unapita miguu mbele na kichwa kinabaki kimekwama. Kata kipande cha ubao cha sentimita 9 na kingine cha 23, uzunguke navyo uwanja mzima ukijaribu kila pengo kati ya magogo, mawe na matawi.

Kamba zifungwe ncha zote mbili na ziwe za kukazwa. Kamba inayoning'inia inaweza kuzunguka shingo.

## Hatua ya 7: Sakafu ya kuangukia

Kila kitu cha kupandia kizungukwe na nafasi tupu ya mita 1.5, isiyo na jiwe, kisiki wala ukingo mkali. Vitu vya chini ya sentimita 60 vinatosha kuwa juu ya nyasi nzuri au udongo laini. Zaidi ya hapo weka vibanzi vya mbao.

Mwaga vibanzi kwa kina cha sentimita 30 juu ya kitambaa. Vitashindiliwa na miguu mpaka 23 hivi, kina kinachotosha kumpokea anayeanguka kutoka mita 2. Kwa umri tunaouzungumzia mimi sipiti mita 1.5, hata kama viwango vya Ulaya vinaruhusu hadi mita 3.

Vibanzi viwe vya mti uliokatwa. Mbao zilizopakwa rangi zilizosagwa hazifai, na maranda hayafai pia, kwa kuwa hupeperuka yakikauka na hushikana yakilowa. Na ule mchanga unaoshikana vizuri kwa kujengea nyumba usiuhesabu kuwa sakafu ya kuangukia. Huo umeshindiliwa, ni mgumu.

## Hatua ya 8: Mimea

Sasa panda, mvua zikianza. Tumia mimea inayoota yenyewe katika eneo lako, kwani imezoea hali ya hewa na haitakudai maji kila siku.

Panda kwa makundi mnene. Mche mmoja mmoja uliosimama peke yake hukanyagwa. Zungushia uzio wa muda kwa misimu miwili mizima, hata ukiona umeshika kabla ya hapo. Chagua mimea inayovumilia kuchumwa: nyasi ndefu za mbegu, vichaka vyenye majani mengi, maua yanayochipua upya. Mtoto ataokota na kuchuma, na hiyo ndiyo kazi ya mimea hii. Mwanzi ni mzuri kwa kibanda hai, ila uwe ule unaokua kwa fungu moja palepale. Ule unaotambaa chini ya ardhi utakutoa uwanjani.

Hii isikanyage kabisa uwanjani, na iliyopo ing'olewe: mbarika, olianda ya waridi na ya njano, datura, mturituri, na mnyaa, ambao utomvu wake huumiza macho vibaya. Mbegu za mturituri na mbarika ni nzuri machoni, ndiyo maana watoto huziokota.

Wazazi wakihofia uchafu, kuna jambo la kuwaeleza. Mwaka 2020 watafiti wa Ufini walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye vituo vya kulelea watoto katika miji ya Lahti na Tampere. Waliweka udongo wa msitu na nyasi kwenye viwanja vilivyokuwa vya changarawe. Baada ya siku 28 tu, bakteria wa ngozi za watoto wale waliongezeka aina, na damu zao zilionyesha mabadiliko ya kinga yaliyo mazuri. Sheria ya kunawa mikono kabla ya kula ni lazima ibaki palepale.

## Hatua ya 9: Vitu vya kuhamishwa

Uwanja wenye vitu vilivyozikwa tu humalizika. Msanii Simon Nicholson aliliandika wazo hili mwaka 1971: kadiri mahali palivyo na vitu vingi vinavyoweza kusogezwa na kuunganishwa, ndivyo ubunifu unavyopata nafasi.

Leta vijiti, vipande vya ubao visivyo na misumari, magamba ya mbegu kubwa, kokoto za mviringo, sufuria za zamani, ndoo ndogo, na mashuka ya kufunikia vibanda. Viwe vingi, kwa sababu uchache ndio unaoleta ugomvi. Kijiti cha kukimbia nacho kisizidi urefu wa mkono wa mtoto, na kijiti kirefu kiburutwe. Sheria hiyo moja watoto huishika haraka. Kila wiki ondoa vilivyovunjika, ongeza vipya.

## Hatua ya 10: Kufungua na kukagua

Fungua kwa kundi dogo la watoto kwanza, siku tatu hivi, msimamizi akiandika kila mahali wanapojikwaa, wanapogombania na wanapopapuuza. Rekebisha, kisha ufungue kwa wote.

Kila asubuhi mtu mmoja apite na reki: mchanga uchambuliwe kuona vioo na kinyesi, mfereji uangaliwe kama umekauka, vibanzi vilivyotawanyika chini ya slaidi virudishwe. Kazi ya dakika 15. Kwenye kigingi kilicho pembeni ya kila sehemu ya vibanzi chora mstari wa sentimita 23 kutoka kwenye kitambaa. Mstari ukionekana, ongeza.

Kila mwezi sukuma kila gogo na kila jiwe kwa uzito wako wote. Kila mwaka chukua bisibisi uchome magogo pale yanapoingia ardhini, ndiko yanakoanzia kuoza. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 1, gogo hilo limemaliza kazi ya kutembelewa. Litoe, uweke jingine, na lile la zamani ulilaze kwenye kona ya vichaka. Baada ya miezi michache lipindue pamoja na watoto, mwangalie waliohamia chini yake.